Vilengeo vya Bunduki na Shabaha ya Mwindaji

Katika kila kambi hapakosi askari ambaye jina lake husomwa la kwanza siku ya matokeo ya shabaha. Askari huyo akienda likizo kijijini kwao, wazee humtazama kwa heshima, na nyati wanapoingia mashambani husikika sauti ikisema: "Mwiteni mwana wa fulani, yeye ni mpigaji hodari." Kuna swali moja ambalo wazee hao aghalabu hawaliulizi: Je, mtu aliyejifunza kulenga ubao wa kambini amekwisha kujifunza kulenga mnyama? Kwa kweli amejifunza nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoleta vilio vijijini, na ndiyo tutakayoizungumza leo.

Kwanza sheria, maana bila ya sheria mazungumzo yote ya bunduki ni hatari. Katika Uganda wanyamapori wako chini ya ulinzi wa serikali, na hakuna ruhusa ya kuwinda ila kwa kibali cha mamlaka inayohusika. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 ilikaza adhabu hata kufikia kifungo cha maisha kwa makosa yanayohusu wanyama walio katika hatari ya kutoweka. Tangu 2001 uwindaji wa kulipia uliruhusiwa kwa majaribio nje ya mipaka ya hifadhi, kandokando ya Ziwa Mburo. Nao walinzi wa wanyamapori mara nyingine hulazimika kumpiga mnyama aliyekwisha kuua watu. Katika Tanzania uwindaji wa leseni umeendelea, bali Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Silaha ya serikali aliyokabidhiwa askari au polisi haimo kabisa katika hesabu hii. Hiyo ni amana, na kila risasi yake ina mahali pake katika daftari.

Mstari wa macho na njia ya risasi

Vilengeo vya bunduki ni vitu viwili vya chuma. Kimoja ni kile kinundu au kijiti kilichosimama karibu na ncha ya mtutu. Hicho ni kilengeo cha mbele. Cha pili ni kibati chenye mfuo, au chenye kitundu, kilichokaa karibu na jicho. Hicho ni kilengeo cha nyuma. Mlengaji huweka kijiti katikati ya mfuo, ncha yake ikiwa sawasawa na kingo za juu, kisha huvipeleka vyote viwili mahali anapotaka kupiga. Jambo hili ni rahisi kulisema. Ugumu wake umo katika jicho lenyewe.

Jicho la binadamu haliwezi kuona vitu vitatu vilivyo mbali mbalimbali vyote kwa wazi kwa wakati mmoja. Ukimwona mnyama waziwazi, kijiti kitakuwa na ukungu. Ukikiona kijiti waziwazi, mnyama atakuwa na ukungu. Basi mlengaji hana budi kuchagua, na mwanafunzi karibu daima huchagua vibaya, kwa kuwa moyo wake uko kwa mnyama. Mwalimu wa shabaha atamwambia: angalia kijiti, mwache mnyama awe kama kivuli. Sababu yake ni hesabu ndogo ambayo hata mtoto wa shule anaweza kuithibitisha. Tuchukue bunduki ambayo kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni nusu meta. Kijiti kikihama milimeta 1 tu kutoka katikati ya mfuo, risasi itakosea kwa sentimeta 20 kwenye umbali wa meta 100. Milimeta moja ni unene wa sarafu nyembamba. Sentimeta 20 ni tofauti ya moyo na tumbo.

Jambo la pili ni kwamba risasi haiendi katika mstari ulionyooka. Inapotoka mtutuni huanza papo hapo kuvutwa na ardhi kama jiwe lililotupwa. Risasi itokayo kwa mwendo wa meta 700 kwa sekunde huchukua kadiri ya sehemu 15 za mia za sekunde kufika meta 100, na kwa muda huo huwa imeshuka kiasi cha sentimeta 11 chini ya mstari wa mtutu. Kwenye meta 200 imeshuka kiasi cha nusu meta. Hii ndiyo sababu kilengeo cha nyuma huinuliwa kidogo kuliko cha mbele: ukivilinganisha, mtutu huangalia juu kidogo, risasi hupanda ikikata mstari wa macho, kisha hushuka na kuukata tena mbele huko. Mahali inapoukata mara ya pili ndipo mahali ambapo bunduki "imewekwa". Mwenye kuichukua bunduki bila ya kujua imewekwa kwa umbali gani, amechukua kitu asichokijua.

Namna ya kuiweka haina uchawi. Mpigaji hulala chini, hutuliza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, hupiga risasi tatu kwa utaratibu uleule, kisha hutazama kati ya matundu matatu yaliyotokea. Risasi moja haishuhudii chochote, kwa sababu haijulikani kama kosa ni la bunduki au la mkono. Zikienda zote pamoja upande wa kushoto, kilengeo cha nyuma husogezwa kulia, yaani upande ule unaotaka risasi iende. Kilengeo cha mbele hufuata kanuni ya kinyume: husogezwa upande ule ambako risasi imekosea. Wapo watu waliotumia bunduki miaka mingi ambao bado huchanganya kanuni hizi mbili, na hutumia risasi kumi mahali ambapo tatu zingetosha.

Bunduki ya vita haikutengenezwa kwa mnyama

Hapa ndipo askari hodari anapodanganyika. Tuitazame bunduki ya AKM, ambayo wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua kuliko wanavyoijua kalamu. Kilengeo chake cha nyuma kina alama za umbali, na vilevile kina alama moja ya mapigano ambayo ni sawa na kadiri ya meta 300. Kwa kawaida askari huiacha hapo. Utaratibu wa kuiweka bunduki hiyo ni kwamba, ikiwa kwenye alama ya 3, ikipigwa kutoka meta 100, risasi ziangukie sentimeta 25 juu ya mahali palipolengwa. Hilo limekusudiwa hivyo. Askari vitani hana nafasi ya kupima umbali. Yeye hulenga mshipi wa adui, na ikiwa adui yuko meta 50 au 300, risasi itampata mahali fulani kati ya mshipi na kichwa. Kwa vita, hiyo ni akili kubwa.

Sasa mpe askari huyo kobu, yule swala anayesimama pamoja na korongo katika nembo ya taifa letu. Kifua cha mnyama huyu hakina kina kikubwa, na sehemu ya moyo na mapafu ni kama sahani ya kulia chakula. Askari analenga katikati ya sahani hiyo kutoka meta 100, mkono umetulia, pumzi imetulia, kila kitu amefanya kama alivyofundishwa. Risasi yake itapita juu ya mgongo, au itaukwaruza uti wa mgongo, na mnyama atakimbia na jeraha ambalo litamwua baada ya siku kadhaa. Kisha askari atashangaa, maana yeye ndiye wa kwanza katika kambi. Bunduki ilifanya ilivyoagizwa. Fauka ya hayo, risasi za kivita zenye koti gumu la madini kote kote hupenya nyama laini na kutoka upande wa pili kwa tundu jembamba, na kwa wanyama wa ukubwa wa kati wawindaji wa leseni hutumia risasi ambazo ncha yake hupanuka ndani ya mwili ili kifo kiwe cha haraka.

Bunduki ya .303, ambayo askari wa King's African Rifles waliibeba katika vita viwili vikuu, ina somo lake pia. Ile ya zamani ilikuwa na mfuo wa wazi, kilengeo cha nyuma kikiwa mbali kidogo na jicho. Ile ya Namba 4, iliyotoka wakati wa Vita Kuu ya Pili, iliwekewa kitundu karibu kabisa na jicho. Kitundu kina faida mbili. Jicho lenyewe hutafuta katikati ya duara bila ya kuamrishwa, na tena tundu dogo husafisha maono, kama mtu anayefinya jicho ili asome maandishi ya mbali. Kwa askari aliyepita umri wa miaka arobaini, ambaye kijiti cha mbele kimeanza kumwonekea kama pamba, kitundu ni rafiki wa kweli. Lakini alfajiri msituni, mwanga ukiwa mchache, kitundu kidogo huwa giza tupu, na hapo mfuo wa wazi na mpana hushinda. Ndiyo maana bunduki za kuwindia wanyama wakali kwa miaka mingi zilitengenezwa zikiwa na mfuo mpana wa umbo la V, na kijiti chenye kichwa cheupe cha pembe ya ndovu au cha shaba.

Masizi ya kibatari

Kuna jambo moja la mwanga ambalo akina mama wanaweza kuwafundisha waume zao. Kijiti cha mbele kikichakaa, rangi nyeusi hubanduka na chuma hung'aa. Jua likipiga kutoka kulia, upande wa kulia wa kijiti humetameta, na jicho huudhania ule upande uliomulikwa kuwa ndio kijiti kizima. Mpigaji huuweka huo katikati, na kumbe bunduki nzima imekwenda kushoto. Kanuni ya zamani husema kwamba risasi hulikimbia jua. Asubuhi inakosea upande mmoja na jioni upande mwingine, na mwenye bunduki hulaumu baruti.

Dawa yake haina gharama. Bunduki ikiwa tupu na imekaguliwa, kijiti huwekwa juu ya moshi wa kibatari au mshumaa mpaka kipate masizi. Weusi wa masizi haung'ai hata kidogo. Masizi yaleyale ambayo mama wa nyumba huyasugua kwenye sufuria kwa majivu na kunung'unika, mpiga shabaha huyatafuta.

Darubini

Siku hizi bunduki nyingi za uwindaji hufungwa darubini juu yake, na vijana huona kwamba bila ya darubini hakuna shabaha. Ni kweli kwamba darubini huondoa taabu ya macho tuliyoieleza, kwa kuwa alama ya msalaba na mnyama huonekana pamoja, vyote waziwazi. Pia hukusanya mwanga, na mtu huweza kutofautisha dume na jike, au mnyama na ng'ombe wa jirani, saa ambayo jicho tupu huona vivuli tu. Kwa ajili ya hilo la mwisho peke yake darubini inastahili heshima.

Ila darubini haiongezi utulivu wa mkono. Huonyesha tu, kwa ukubwa wa kutisha, jinsi mkono unavyotetemeka. Inayokuza mara 4 inatosha kwa kazi karibu zote za mbugani. Inayokuza mara 12 humfanya mwindaji atafute mnyama kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Na katika kichaka kinene, nyati akiwa hatua ishirini, darubini kubwa haionyeshi chochote isipokuwa nywele nyeusi. Fundi mwenye busara huacha vilengeo vya chuma mahali pake hata baada ya kufunga darubini. Jicho nalo likae kiasi cha sentimeta 8 hadi 10 kutoka kwenye kioo. Wenye kusogea karibu hutambulikana kwa kovu la duara juu ya nyusi, alama ya bunduki iliyorudi nyuma. Darubini ikigongwa, ikianguka, au ikifunguliwa na kufungwa tena, ijaribiwe kwenye ubao kabla ya kwenda porini.

Mskoti wa Karamoja

Mtu aliyeonyesha kwa ukamilifu nini maana ya shabaha ya mwindaji alifanya kazi yake katika Karamoja. Walter Dalrymple Maitland Bell alikuwa Mskoti aliyezaliwa 1880. Alifika huko mnamo 1902, akatembea kwa miguu miaka mingi katika Karamoja na baadaye katika Lado, nchi ambayo sehemu yake ya kusini leo ni West Nile. Aliua tembo zaidi ya 1,000 kwa ajili ya pembe. Hatumtaji ili kumsifu kwa hesabu hiyo. Biashara aliyoifanya yeye na wenziwe iliondoa tembo wengi mno katika nchi zetu, na faida yake ilikwenda ng'ambo. Tunamtaja kwa ajili ya namna alivyopiga.

Wakati huo wawindaji wa tembo walibeba bunduki kubwa za mitutu miwili. Moja ya hizo, ya kipimo cha .577, ilirusha risasi ya gramu zipatazo 48 na kumpiga mpigaji mwenyewe begani kama teke la punda. Bell alitumia zaidi bunduki nyepesi ya Mauser ya milimeta 7, iliyotengenezwa na nyumba ya Rigby ya London, yenye risasi ya gramu 11 hivi. Kwa tembo wa tani tano! Siri yake ilikuwa kujua. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili aone kwa macho yake ubongo umekaa wapi. Alikuta kwamba paji lile kubwa ni mfupa wenye vijumba vya hewa kama sega la nyuki, na kwamba ubongo umejificha nyuma na chini, karibu na matundu ya masikio. Akajifunza njia ya kuufikia kutoka mbele, kutoka ubavuni, na hata kutoka nyuma kwa mshazari, mpigo ambao mpaka leo wawindaji huuita kwa jina lake. Bunduki nyepesi haikumwogofya bega, kwa hiyo hakufumba macho wala hakushtuka wakati wa kufyatua. Naye alikuwa na desturi ya kufanya mazoezi bila ya risasi, akilenga hiki na kile njiani na kubonyeza kifyatuo mpaka mkono ukazoea.

Waliosoma habari zake mara nyingi walikumbuka bunduki ndogo na kusahau msumeno na mazoezi. Kwa sababu ya watu wa aina hiyo kanuni za uwindaji hazimwachii mtu hiari. Katika Tanzania mwenye leseni ya tembo au nyati hutakiwa kuwa na bunduki isiyopungua kipimo cha .375. Kanuni hiyo ni ya haki, kwa sababu serikali haiwezi kupima moyo na mkono wa kila mwindaji, lakini mtutu inaweza kuupima.

Mahali pa kupiga

Kwa wanyama wengine wasio tembo, kichwa ni mahali pabaya pa kulenga. Kichwa hakitulii, ubongo ni mdogo, na risasi ikikosea kidogo huvunja taya, na mnyama hufa kwa njaa majani yakiwa mbele yake. Mwindaji aliyefundishwa vema husubiri mnyama asimame ubavu. Macho yake huufuata mguu wa mbele, nyuma yake kidogo, kutoka chini kupanda juu, mpaka afike theluthi ya kimo cha mwili. Hapo ndani pana moyo, na juu ya moyo mapafu. Mnyama akiwa amesimama kwa mshazari akiangalia mbali, risasi ielekezwe ili itokee kwenye bega la upande wa pili. Anayelenga ngozi anayoiona badala ya kiungo kilichomo ndani atapiga tumbo. Akiwa ameelekeza mgongo, au amejificha nusu nyuma ya majani, au yuko mbele ya mwenzake hata risasi ikipenya itampata wa pili, jibu ni kushusha bunduki. Mwindaji anayerudi bila ya kufyatua hajapoteza kitu.

Namna ya kusimama ina uzito kuliko bunduki yenyewe. Kupiga kwa kusimama bila ya kuegemea ni njia ya mwisho. Kulala ni bora, lakini nyasi za mbuga zetu haziruhusu. Kukaa chini viwiko vikiwa juu ya magoti hufaa mara nyingi. Wawindaji wengi wa Afrika ya Mashariki hubeba fimbo tatu zilizofungwa pamoja karibu na ncha kwa kamba ya mpira, zikatanuliwa kuwa kigoda cha kuegemeza bunduki. Anayeegemea mti aweke mkono wake kati ya mti na bunduki. Mtutu ukigusa kitu kigumu huruka kando wakati wa kufyatua, na risasi huenda nao.

Kisha pumzi hutolewa nusu na kuzuiwa, na kidole hubonyeza polepole mpaka bunduki iitike yenyewe. Anayekivuta kifyatuo kwa ghafla huinamisha mtutu. Ipo njia ya kumgundua. Katika uwanja wa shabaha, mbele ya mkufunzi, mwenzake humtilia risasi ya mazoezi isiyo na baruti pasipo yeye kujua. Ikifika zamu ya hiyo, bunduki hulia "tik", na kila mtu huona mtutu ukichovya chini kama kichwa cha kuku anayedonoa. Askari wenye tepe nyingi wamewahi kuona aibu kwa jaribio hilo. Dawa ni mazoezi ya bunduki tupu iliyokaguliwa na watu wawili, sarafu ikiwekwa juu ya mtutu karibu na kilengeo cha mbele. Mtu abonyeze mpaka sarafu isianguke mara ishirini mfululizo. Zoezi hili lifanyike kambini. Nyumbani, ambako watoto huiga kila wanachokiona, hata bunduki tupu ina madhara.

Kuhusu kumwaga risasi nyingi, nchi yetu haina haja ya kuuliza matokeo. Katika miaka ya 1970, wakati wa utawala wa Amin, na katika vurugu zilizofuata vita vya 1979, watu wenye silaha walitumia bunduki za rashasha juu ya makundi mbugani. Katika mbuga ya Queen Elizabeth, ambayo wakati huo iliitwa Ruwenzori, tembo waliokadiriwa kuwa kiasi cha 4,000 katika miaka ya 1960 walibaki kiasi cha 150 ilipofika 1980. Vifaru wa porini wakatoweka kabisa katika Uganda mnamo 1983. Wengine walikufa pale pale. Wengine walikwenda kufia mbali, na pembe zao hazikumfaidia hata aliyewapiga.

Aliyejeruhiwa

Mnyama aliyejeruhiwa hamjui aliyemjeruhi. Nyati aliyepigwa tumboni Jumamosi na mtu aliyekwisha kurudi mjini, Jumatatu amelala katika kichaka karibu na njia ya kisimani. Wa kwanza kupita ni mama mwenye ndoo, au mtoto anayekwenda shule. Nyati mzima, akisikia sauti ya watu, kwa kawaida huondoka. Mwenye jeraha husubiri. Wawindaji wakongwe wanasimulia jinsi anavyozunguka na kurudi kando ya nyayo zake mwenyewe, akamngoja anayemfuata. Familia zinazozika mtu wao hazipati kamwe kujua ni risasi ya nani iliyoanza jambo hilo.

Kwa hiyo katika uwindaji wa halali aliyepiga hana ruhusa ya kuondoka. Huweka alama mahali mnyama aliposimama, husubiri kiasi cha nusu saa ili asimkimbize, kisha husoma damu. Damu nyekundu nyangavu yenye povu ni ya mapafu, na mnyama hayuko mbali. Damu nyeusi nzito huenda ikawa ya ini. Damu yenye majimaji ya kijani na harufu ya majani yaliyotafunwa ni ya tumbo, na kazi itakuwa ndefu na ya hatari. Katika kanuni za uwindaji wa leseni za Tanzania mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa: leseni imekwisha, ada haitarudishwa.

Mama wa nyumba anayejua nyama anaweza kuusoma mpigo huo hata jikoni, iwe ni nyama ya mbuzi wa nyumbani au ya mnyama wa leseni. Mnyama aliyekufa ghafla akiwa ametulia, nyama yake hulainika vizuri ikining'inizwa. Aliyekimbia na maumivu mwendo wa saa nyingi humaliza nguvu iliyo ndani ya misuli, na nyama yake huwa nyeusi, ya kunatanata, nayo huoza upesi. Tumbo likiwa limetobolewa, uchafu wake umekwisha kuenea ndani. Nyama kama hiyo haiokolewi kwa ndimu wala kwa pilipili. Na nyama ya mnyama aliyeokotwa amekufa porini isiingie nyumbani kabisa, kwani haijulikani kama ameuawa na risasi ya mtu au na kimeta.

Anayekuta mnyama anayechechemea, au damu njiani, asimfuate kwa mkuki wala kwa mbwa, na asiwaite vijana wakusanyike. Awazuie watoto, ageuze njia ya kwenda majini, kisha apeleke habari katika ofisi ya walinzi wa wanyamapori au kituo cha polisi kilicho karibu. Aeleze aina ya mnyama, mahali alipomwona, saa, upande alioelekea, na mguu au ubavu ulio na jeraha.